Ndege za Masafa Marefu (Sehemu ya Nne): Kutoka Mtoa hadi Gatwick

Mnamo 18 Mei 2025 ndege ya Uganda Airlines iliruka kutoka Entebbe na kutua Gatwick, kusini mwa London. Tangu British Airways iache kwenda Entebbe mwezi Oktoba 2015, msafiri wa Kampala aliyetaka kufika Uingereza alilazimika kubadili ndege njiani: Addis Ababa, Nairobi, Kigali, Doha au Dubai. Shirika lenyewe bado changa. Lile la kwanza lenye jina hilo lilianzishwa 1976 likafa 2001. Hili la sasa lilianza kuruka Agosti 2019 kwa ndege ndogo za CRJ900, likapokea Airbus mbili kubwa aina ya A330-800 kati ya Desemba 2020 na Februari 2021, na tangu hapo limekuwa likitafuta mahali pa kuzipeleka.

Wiki sita kabla ya safari hiyo, tarehe 3 Aprili, ilitimia miaka 100 kamili tangu ndege ya kwanza kutoka Ubelgiji itue Léopoldville, mji unaoitwa Kinshasa leo. Wasomaji wa mfululizo huu wameshasoma jinsi Air Zaïre ilivyoinuka na kuanguka, na hayo hayatarudiwa hapa. Ila rubani aliyeongoza safari ile ya 1925, Edmond Thieffry, anastahili nafasi yake, kwa kuwa maisha yake yalikatika karibu na Ziwa Tanganyika, akiwa katika kazi ambayo mashirika mengi ya leo yanaona ni ya kudharauliwa.

Kabla yake, hata hivyo, ziwa lilikuwa limekwisha kuona ndege. Watu wa Uvira, kaskazini mwa ziwa hilo, wanaosikia kwamba usafiri wa anga uliingia Kongo kupitia Kinshasa wanadanganywa kidogo. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliwaazima Wabelgiji ndege nne za kutua majini aina ya Short 827. Zilisafirishwa kwa meli hadi Matadi, kisha zikapita nchi nzima ya Kongo kwa reli na kwa mto, zikiwa zimefungwa vipande vipande, mpaka zikafika ufukweni mwa Tanganyika upande wa Kalemie. Huko, karibu na Mtoa, mafundi waliziunganisha upya: mbao, vitambaa, waya na injini moja.

Shida ya kwanza ililetwa na ziwa lenyewe, wala si na Wajerumani. Mawimbi ya Tanganyika, ambayo kila mvuvi wa Kalundu anayafahamu, yalikuwa makali mno kwa maboya yale mepesi, hata ikabidi ndege zitumie maji yaliyotulia ya kiziwa kidogo kilichokuwa jirani. Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe akiwa na mwenzake Collignon walivuka ziwa na kudondosha mabomu juu ya Kigoma, wakiilenga meli ya Graf von Götzen. Meli hiyo ilikuwa imeundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa kwa masanduku hadi Kigoma na kuungwa hapo. Ilipofika wakati wa mashambulizi hayo, mzinga wake mkubwa ulikuwa umeshang'olewa ukatumike kwenye vita vya nchi kavu, na mahali pake ukawekwa mzinga wa mbao ili kuwatisha maadui. Mwezi uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza waliiibua 1924, na tangu 1927 inafahamika kwa jina la Liemba.

Behaeghe hakurudi kwao. Aliugua na kufia Niemba, magharibi ya Kalemie, mwezi Desemba mwaka uleule. Wabelgiji wameandika jina lake katika vitabu vyao. Wapagazi waliobeba mabawa, mapipa ya petroli na mabomu kutoka kituo kimoja hadi kingine, ambao bila wao hakuna injini ambayo ingewaka Mtoa, hawakuandikwa popote. Ni dhuluma ambayo kila anayesimulia historia hii ana wajibu wa kuitaja.

Sasa turudi kwa Thieffry. Alikuwa mwanasheria aliyezaliwa Etterbeek, Brussels, mwaka 1892, na katika vita hivyo alihesabiwa kuwa amedungua ndege kumi za adui. Vita vilipokwisha alishikwa na wazo moja tu: kuunganisha Brussels na Kongo kwa ndege. Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, ilikuwa imeanzishwa Mei 1923 na bado ilikuwa inatambaa. Tarehe 12 Februari 1925 Thieffry, pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker, waliondoka Brussels kwa ndege ya injini tatu aina ya Handley Page iliyopewa jina la binti wa mfalme, Princesse Marie-José. Walipita Ufaransa, Hispania, jangwa la Sahara, Gao, Niamey, Fort-Lamy (ndiyo N'Djamena ya leo) na Bangui.

Walifika baada ya siku 51. Katika siku hizo zote, saa walizokaa hewani zilikuwa kama 75 tu, yaani siku tatu na ushei. Muda uliobaki uliliwa na upepo wa mchanga, matengenezo na kungoja vipuri.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomfundisha Thieffry jambo ambalo wengi waliompigia makofi Léopoldville hawakulielewa. Kuvuka bara kulikuwa kumethibitika kuwa kunawezekana. Lakini abiria au barua ikishafika Léopoldville, ingewezaje kufika Luebo, Kindu au ufukwe wa Tanganyika bila kukaa wiki kadhaa kwenye meli ya mto? Sabena ilianza mapema kupeleka ndege ndani ya Kongo, kutoka Boma na Léopoldville hadi Élisabethville, yaani Lubumbashi, kwa ajili ya shaba ya Katanga na watumishi wa serikali ya kikoloni. Mashariki ya nchi ilibaki nyuma. Thieffry alirudi Kongo mwaka 1929 kujaribu ndege ndogo za Aviméta, akichunguza uwezekano wa njia za ndani. Tarehe 11 Aprili 1929, karibu na Ziwa Tanganyika, dhoruba iliiangusha ndege yake. Yeye na Gaston Julien walikufa. Fundi Eugène Gastuche alinusurika. Brussels wanalo jina la Thieffry hadi leo kwenye kituo cha metro huko Etterbeek. Kwenye ufukwe wetu ni wachache wanaomjua.

Haifai kumfanya mtakatifu. Alitumikia dola iliyomnyonya Mkongo, na njia alizoziota hazikukusudiwa wachuuzi wa Uvira. Lakini kama fundi wa usafiri aliona sawasawa: safari ndefu hailipi mpaka iwe imelishwa na safari fupi. Ziwa linalishwa na Ruzizi, Mulongwe, Kalimabenge na vijito visivyo na jina, na ndege kubwa iendayo Ulaya nayo inajaa kwa watu walioletwa kumi kumi, ishirini ishirini, kutoka miji ambayo haitajwi kwenye hotuba za uzinduzi.

Baada ya safari ile ya 1925, Sabena ilichukua miaka kumi kuifanya iwe ya kawaida. Njia ya kawaida ya Brussels–Léopoldville ilifunguliwa 23 Februari 1935 kwa Fokker ya injini tatu iliyopewa jina la Edmond Thieffry, na safari ilichukua siku tano na nusu. Waingereza nao walikuwa wametangulia upande wa Ziwa Victoria: Imperial Airways ilianza kupeleka barua kutoka London hadi Mwanza mwezi Februari 1931, na kuanzia 1937 ndege zake kubwa za majini zilitua Port Bell na Kisumu zikielekea pwani na Durban. Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika paliachwa kando. Njia zilifuata bendera: za Mwingereza zilipita nchi za Mwingereza, za Mbelgiji zilikwenda kwa Mbelgiji, na mahali mipaka mitatu au minne inapokutana, kama hapa, palikuwa pembeni mwa ramani ya kila mmoja.

Aliyeelewa somo hili kuliko wote barani ni Ethiopian Airlines. Ilianzishwa Desemba 1945 kwa msaada wa TWA ya Marekani, na safari yake ya kwanza, Aprili 1946, ilikwenda Cairo kupitia Asmara kwa ndege za kijeshi zilizobaki baada ya vita. Ulaya ilingoja hadi 1958, ilipofunguliwa njia ya Frankfurt. Katika miaka hiyo kumi na miwili shirika lilijenga safari za ndani ya Ethiopia na za nchi jirani, likajifunza kutengeneza ndege zake lenyewe na kufundisha marubani wake. Leo mtu wa Bujumbura, Lubumbashi au Kinshasa anayekwenda Washington au Guangzhou hushuka Addis Ababa, akala, akapanda nyingine. Uvumilivu wa aina hiyo ni adimu kwa serikali zetu, ambazo hununua ndege kubwa kwanza na kufikiria abiria baadaye.

Je, Uganda Airlines imechaguaje? Dubai ilikuja Oktoba 2021, Mumbai na Lagos Oktoba 2023, kisha London. Kila mji una sababu yake. Dubai kuna mali ya kununua na maelfu ya vijana wanaofanya kazi za mikataba. Mumbai kuna hospitali na jamaa wa Waganda wenye asili ya Kihindi. London kuna Waganda wengi, wakiwemo waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 na watoto wao. Gatwick imechaguliwa badala ya Heathrow kwa kuwa nafasi za kutua Heathrow ni chache na ghali mno. RwandAir nayo ilianzia hapohapo Gatwick mwaka 2017 kabla ya kuhamia Heathrow.

Lakini ndege ni mbili tu za aina hiyo, kila moja ikiwa na viti 258. Moja ikiingia gereji, ratiba nzima inavurugika. A330-800 imenunuliwa na mashirika machache sana duniani, kwa hiyo hata kuazima nyingine inayofanana nayo ni kazi. Hasara nayo ni nzito: zaidi ya shilingi za Uganda bilioni 320 katika mwaka wa fedha 2022/23, na zaidi ya bilioni 230 mwaka uliofuata. Imepungua, ndiyo, ila ni fedha ya mlipakodi. Emirates na Qatar Airways ziko Entebbe na zina ndege za kutosha kushusha bei wakati wowote. Silaha ambayo Uganda Airlines inayo, nao hawana, ni zile CRJ900 zinazotua Bujumbura, Juba na miji mingine ya karibu. Zikifika kwa wakati na kuungana vizuri na ndege ya London, kuna matumaini. Zikichelewa, ile Airbus itaruka na viti vitupu.

Kongo imeanza na mguu ulio sahihi, na inapaswa kusifiwa. Air Congo iliyozinduliwa Desemba 2024, serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian asilimia 49, ilianza na Boeing 737 kwenye safari za ndani, Lubumbashi ikiwemo. Hamu ya Brussels ipo, kama ilivyokuwepo siku zote. Ila mashirika yote yenye cheti cha Kongo yamo katika orodha ya waliokatazwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya tangu 2006, na hakuna bendera itakayoondoa katazo hilo isipokuwa ukaguzi wa kweli wa usalama. Anayetaka kufika huko sasa hana budi kukodi ndege pamoja na marubani wake kutoka shirika lenye cheti kinachokubalika, jambo ambalo ni ghali na halijengi ujuzi wa nyumbani. Fedha hiyo ingezaa zaidi ikipelekwa kwa wakaguzi, mafundi, taa za kiwanja na rada.

Wakati huohuo, mama mwenye duka la vitenge katika soko la Mulongwe, Uvira, akitaka kwenda Dubai anahesabu hivi. Zamani angeweza kupanda hadi uwanja wa Kavumu kwa barabara ya Ngomo au kupitia Kamanyola, akapata ndege ya ndani. Uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025 vita vilipoufikia mji, na Kavumu ukafuata Februari. Kinachobaki ni Bujumbura: taksi mpaka Kavimvira, kibali cha kuvuka, foleni ya Gatumba, halafu uwanja wa ndege ambao kwa umbali ni karibu kuliko uwanja wowote mkubwa wa Kongo. Mpaka ukifungwa asubuhi hiyo, tikiti imepotea. Kwa upande wa kusini kuna Kalemie, safari ya usiku kucha au zaidi kwa boti, yenye uwanja wa ndege na bandari katika mji mmoja. Mashirika yanayotafuta abiria wa kujaza ndege kubwa hayajawahi kupanga ratiba inayoungana na boti za ziwa hili. Wabelgiji waliunganisha reli ya Kalemie na meli za Kigoma zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa faida yao wenyewe, na mali ikapita.

Sehemu ya tano itaangalia mizigo, hasa sangara na maua yanayosafirishwa kutoka Entebbe, na sababu inayowafanya wavuvi wa mikebuka wa Uvira wasiwe na hata sanduku moja tumboni mwa ndege hizo.