Tangi la kale linavyozaa jipya: Siri ya kufuga matumbawe mbali na bahari

KUTOKA mtaa wa Pioneer mjini Eldoret hadi ufuo wa Mombasa ni mwendo wa takriban kilomita 800, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, mwenye subira na fedha za kutosha anaweza kufuga samaki wa baharini na matumbawe sebuleni mwake, mradi afahamu kwamba anachofuga kwanza si samaki wala matumbawe, bali ni bakteria.

Hilo ndilo jambo ambalo wengi wanaoanza hulisahau. Hununua tangi la kioo, hulijaza maji ya chumvi na kutia samaki siku iyo hiyo. Baada ya muda mfupi samaki huanza kuhema karibu na uso wa maji, na si ajabu wote wakafa kabla ya mwezi kuisha.

Kinachowaua ni uchafu wao wenyewe. Samaki hutoa amonia kwa kupumua na kwa kinyesi, na amonia ni sumu kali. Baharini na katika tangi lililokomaa, jamii moja ya bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ina madhara, kisha jamii ya pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi. Katika tangi jipya bakteria hao huwa hawajazaliana. Kuwangoja huchukua wiki nne hadi sita, na pengine zaidi.

Hapa ndipo tangi la kale linapofaa. Kama vile mwenye kugandisha maziwa anavyochukua kijiko cha maziwa yaliyokwisha kuganda na kukitia katika maziwa mapya, ndivyo anayeanza anavyoweza kuomba mbegu ya bakteria kwa mwenzake aliyetangulia. Muda wa kungoja unaweza kupungua kutoka wiki nyingi hadi siku chache.

Kosa la kawaida ni kuomba maji. Bakteria wanaohitajika hawaelei majini kwa wingi. Hung'ang'ania mawe, mchanga na sponji za kichujio. Ndoo ya maji ya kale huleta nitrati nyingi na bakteria wachache. Kinachostahili kuombwa ni jiwe lenye vitundu vingi lililokaa miezi kadhaa katika tangi, au kipande cha sponji ya kichujio.

Jiwe hilo lisafirishwe likiwa limezama katika maji ya tangi lilikotoka. Likikauka, viumbe vilivyomo hufa na kuoza, na badala ya kuondoa amonia huiongeza. Mchanga nao uchukuliwe kiganja kimoja tu cha tabaka la juu. Kuuchimbua mchanga wa chini huibua uchafu uliolala humo pamoja na gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo ni hatari kwa matangi yote mawili.

Mwenye tangi la kale naye ana la kuhofia. Idadi ya bakteria wake inalingana na samaki alio nao. Akitoa nusu ya mawe yake kwa ukarimu, asubuhi anaweza kukuta amonia imepanda kwake. Kwa hiyo atoe jiwe moja au mawili, naye mpokeaji aongezee mawe makavu ambayo bakteria watayaenea polepole.

Jambo jingine ni wageni wasioalikwa. Jiwe huweza kubeba Aiptasia, kiumbe kidogo chenye minyiri kinachochoma matumbawe na kuzaliana upesi, au vimelea vya ugonjwa wa madoa meupe. Ikiwa tangi la kale limewahi kuugua, ni afadhali mawe yake yakae bila samaki kwa takriban miezi miwili na nusu ili vimelea vife kwa kukosa wa kumnyonya.

Kuhusu maji, chumvi ya mezani haifai kwa sababu haina kalisi na magnesi ambazo matumbawe huzihitaji. Inayotakiwa ni chumvi maalumu ya matangi ya bahari, takriban gramu 35 kwa lita, yaani kilo saba hivi kwa tangi la lita 200. Maji ya bomba lazima yaondolewe klorini kwanza, kwa maana klorini iliwekwa humo kuua bakteria, na haitachagua. Maji yakipungua kwa kukauka, huongezwa maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi haipai na mvuke.

Eldoret ina changamoto zake. Usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10, ilhali matumbawe hutaka nyuzi 24 hadi 27, hivyo hita ni ya lazima. Aidha, kwa sababu ya mwinuko, oksijeni inayoyeyuka majini ni pungufu kwa takriban sehemu moja kwa tano ikilinganishwa na Mombasa. Umeme ukipotea na pampu ikasimama, samaki hukosa pumzi mapema zaidi. Pampu ya betri ni ya kununuliwa kabla ya samaki wa kwanza.

Tangi likishajaa, pasiwepo kubahatisha. Hutiwa amonia kidogo, kisha maji hupimwa baada ya saa 24. Amonia na nitriti zikisoma sufuri, tangi liko tayari kwa samaki mmoja, si kumi. Matumbawe hufuata baadaye, yakianzia yale laini yanayovumilia makosa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Matumbawe hayo yasitafutwe baharini. Katika hifadhi za bahari kama za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ni marufuku kuyachukua, na biashara ya matumbawe magumu baina ya mataifa hudhibitiwa na mkataba wa CITES. Miamba ya pwani ya Kenya ilipata pigo kubwa mwaka 1998, wakati joto la bahari lililoandamana na El Nino lilipoyaua matumbawe mengi.

Njia halali ni ile ile ya jiwe: kuomba tawi. Tawi la tumbawe lililokatwa kwa uangalifu na kugandishwa juu ya jiwe hukua na kuwa tumbawe kamili. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika pia katika Kisiwa cha Wasini, Kaunti ya Kwale, ambako wakazi na watafiti hupanda vipande vya matumbawe ili kufufua miamba iliyoharibika.

Aliyetoa tawi hakupoteza. Siku umeme utakapokatika usiku kucha na tangi lake likafa, tumbawe lake litakuwa bado linaishi kwa jirani, likingoja kukatwa tawi na kurudishwa nyumbani.