Je, Wajua? Mvinyo wa Makutupora una ndugu hadi Armenia

Je, wajua kwamba neno mvinyo, lililobandikwa kwenye chupa zinazouzwa jijini Dodoma, lina ndugu katika lugha ambazo wasemaji wake hawaelewani hata salamu? Sisi tulilipata kwa Wareno, ambao husema vinho. Wareno walirithi vinum ya Kilatini. Mwitaliano anasema vino, Mrusi vino vilevile, Mjerumani Wein, Mwingereza wine, Mwarmenia gini. Wagiriki wa kale walisema oinos, na kabla ya hapo woinos. Wahiti, waliotawala sehemu kubwa ya Uturuki ya leo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, waliandika wiyana.

Na divai? Ni neno lilelile, ila lilipitia kwa Wafaransa: du vin.

Makutupora ya kaskazini mwa Jiji la Dodoma ndiko kilipo kituo cha TARI cha utafiti wa zabibu, na ipo zabibu nyekundu iliyopewa jina la mahali hapo. Shamba la Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. La Italia mara moja. Lakini jina zabibu lenyewe halimo katika ukoo wa mvinyo. Ni la Kiarabu, na kwa Waarabu zabib ni zile zilizokaushwa.

Ajabu zaidi ni kwamba mvinyo umevuka mipaka ya koo za lugha. Waethiopia wanaosema Kiamhari huita zabibu wayn, Waebrania huita mvinyo yayin, Wageorgia ghvino. Lugha hizi haziko kabisa katika ukoo wa Kihindi-Kiulaya, ule unaokusanya Kihindi, Kiajemi, Kigiriki, Kirusi na Kiingereza. Georgia kumechimbuliwa vyungu vya mvinyo vya miaka 8,000 hivi. Nani alimpa nani jina? Wataalamu hawajakubaliana hadi leo.

Je, wajua kwamba reli na rula ni ndugu wa tumbo moja? Makutupora ya pili, ile ya Manyoni mkoani Singida, ndipo kipande cha reli ya SGR kinachotoka Morogoro kinapokutana na kile cha kwenda Tabora. Warumi walikuwa na neno regula, kijiti cha kunyooshea mstari. Kwa Wafaransa wa kale likagawanyika njia mbili: moja ikazaa rail ya Kiingereza, nyingine ruler. Mtoto anayepiga mstari daftarini na fundi anayelaza chuma Manyoni wanatumia neno moja.

Stesheni je? Mzizi wake ni sta, kusimama. Humo ndimo imo stehen ya Wajerumani, stand ya Waingereza na sthan ya Wahindi, yaani mahali. Humo pia mna ile "stan" ya Pakistan na Afghanistan.

Karatasi, karata na kadi ni Kigiriki kimoja, khartes. Karatasi ilipita kwa Waarabu, karata kwa Wareno, kadi kwa Waingereza. Zote tatu zikakutana kwetu.

Shule ya bara ni ya Mjerumani na skuli ya Zanzibar ni ya Mwingereza, lakini zote zinarudi kwa Wagiriki. Kwao skhole ilikuwa na maana ya wakati wa mapumziko!

Aliyewafungua wengi macho kuhusu undugu huu wa lugha ni William Jones, jaji Mwingereza aliyekuwa Calcutta. Mwaka 1786 alisema kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zinafanana mno kiasi kwamba lazima zina chimbuko moja. Hata hivyo kufanana peke yake si ushahidi. Mwajemi akisema bad, na Mwingereza akisema bad, wote wana maana ya "baya", na bado maneno hayo hayana undugu wowote. Ushahidi ni sauti zinazobadilika kwa utaratibu: penye p ya Kilatini, Kiingereza kina f. Pater ni father, piscis ni fish, pedis ni foot.

Utaratibu kama huo upo hapa kwetu, na mimi naona ni mzuri kuliko huo wa Ulaya kwa sababu unaweza kuusikia kwenye basi moja kutoka Dodoma kwenda Tabora. Mswahili anasema mtu. Mgogo anasema munhu. Kitu, chinhu. Sasa nenda Zimbabwe: Mshona naye anasema munhu na chinhu. Mganda anasema omuntu, Mzulu umuntu. Kutokana na abantu, yaani watu, na ndugu zake, Wilhelm Bleek aliuita ukoo huu wote Bantu katika karne ya 19.

Ukifika kwa Wanyamwezi na Wasukuma, tatu inageuka datu. Si ulimi mzito. Konsonanti mbili ngumu zikifuatana katika silabi jirani, ya kwanza hulainika. Aliyeligundua hilo katika Kinyamwezi ni mmisionari Edmund Dahl, na mwaka 1903 mtaalamu wa Kijerumani Carl Meinhof akalipa jina lake: Sheria ya Dahl. Sheria hiyohiyo ndiyo inayowafanya Wakikuyu wa Kenya waite lugha yao Gikuyu, si Kikuyu. Vitabu vya isimu duniani kote vinataja sheria iliyonukuliwa kwanza kutoka vinywani mwa watu wa uwanda wetu wa kati, na wengi wetu hatujawahi kuisikia.

Je, wajua kwa nini siku saba za maharusi huitwa fungate? Kabla ya saba ya Kiarabu, hilo lilikuwa jina la namba yenyewe. Msukuma hadi leo akihesabu anasema mpungati.

Kaskazini mwa Makutupora ya Dodoma, huko Kondoa na Chemba, koo nne za lugha zinapakana, jambo adimu sana Afrika. Warangi ni Wabantu. Wabarbaig wa Kidatooga ni Waniloti. Wasandawe wana lugha ya vidoko. Waburunge ni Wakushi, na Kikushi kimo katika ukoo mkubwa pamoja na Kiarabu na Kiebrania. Kwa hiyo Mburunge anapoazima saba kutoka Kiswahili, anaazima neno ambalo Waswahili nao waliazima kwa binamu zake wa mbali.