Jiko la Udongo na Mvua: Tuliyojifunza Mapinga

Wanachama wetu hawahitaji kufundishwa habari ya mvua. Wingu likitokea na karafuu zimeanikwa, nyumba nzima huinuka: wakubwa hukunja majamvi, watoto hukimbia na vikapu, na hata mgeni huambiwa ashike ncha moja. Sote twajua kwamba karafuu zilizoachwa na unyevu huvunda na kupauka, na bei yake hushuka. Lakini saa ile ile, huko uani, jiko la makaa lanyeshewa, na hapana anayeliangalia.

Masika yaliyopita tulivuka bahari kwenda Mapinga, katika Wilaya ya Bagamoyo, kuwatazama jamaa zetu. Jirani na nyumba tuliyofikia yupo mama mmoja apataye riziki yake kwa kuchoma muhogo na samaki kila jioni kando ya barabara. Jiko lake lilikuwa la udongo wa kuchomwa lililovikwa bati. Siku moja, baada ya mvua ya usiku kucha, tulimkuta amekaa mbele yake, nalo limepasuka vipande vitatu. Tukampa pole, tukasema, "Bibi, mvua imekutia hasara." Akajibu, "Hapana, wanangu. Mvua imelirowesha tu. Aliyelivunja ni mimi, kwa haraka ya kuwasha moto." Siku nne hakuuza kitu, mpaka alipopata jiko jingine.

Maneno ya mama yule ni kweli tupu. Jiko la namna hii lilianza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand, na Tanzania likajulikana kwa jina la Jiko Bora. Udongo wake wa ndani huzuia joto lisipotee, kwa hiyo hutumia makaa machache kuliko seredani ya bati tupu. Lakini udongo ule, ingawa umepita tanuuni, una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hunywa maji kama mtungi. Moto mkali ukiwashwa, maji yale hugeuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Usipopata njia ya kutokea upesi, hupasua udongo. Nalo bati la nje, likikaa na maji na upepo wa chumvi ya bahari, huliwa na kutu.

Basi, yafaa tufanye nini? Kwanza, tuondoe majivu kila yanapopoa, maana majivu hushika maji, na maji hayo hukaa pale pale penye bati. Pili, jiko lisikae chini mchangani. Liwekwe juu ya mawe matatu au matofali, kwa sababu unyevu hupanda kutoka chini kama unavyoshuka kutoka juu. Tatu, likae upenuni au bandani. Kama hapana budi likae nje, lifunikwe likiwa limekwisha kupoa, kwa karai kuukuu au kipande cha bati kilicho kipana kuliko mdomo wake, na jiwe juu yake. Mlango wa hewa ulio chini ugeuzwe upande usiopigwa na upepo wa mvua, wala usizibwe. Tusilizongezonge kwa nailoni, kwani unyevu uliomo ndani hautapata pa kutokea. Ndivyo yalivyo hata yale majiko makubwa ya udongo yenye vifuniko, yenye asili ya Japani na yaitwayo kamado: yakifungwa kabisa na kuachwa miezi hali yana unyevu, huota ukungu ndani. Kufunga si kukausha.

Nne, tusizime moto kwa kumwaga maji. Makaa yaliyosalia yatolewe kwa koleo, yatiwe ndani ya chungu au debe na kufunikwa, yatazima yenyewe na kesho yatafaa tena. Na gunia la makaa liwekwe juu ya mbao, mahali pakavu. Makaa mabichi hutoa moshi, na nguvu yake nyingi huishia katika kukausha maji yake yenyewe.

Na kama jiko limekwisha kulowa? Liinamishwe maji yatoke, kisha lipate jua siku mbili au tatu. Tuliinue tulipime kwa mkono: lililolowa huwa zito. Tuligonge udongo wake kwa kidole: likiwa kavu na zima hulia vizuri, likiwa na maji au ufa sauti yake huwa nzito. Mwanachama avunjaye karafuu kwa vidole kujua kama imekauka hatashindwa na kipimo hiki. Halafu tuwashe moto mdogo, makaa ya kujaza viganja tu, kwa nusu saa, tuliache lipoe. Kesho yake moto wa wastani. Baada ya hapo lipikie.

Jambo moja twalisema kwa mkazo. Wakati wa vuli, mvua na uchumaji vinapokutana, huko dagoni watu hushawishika kuingiza jiko lenye moto katika kibanda cha kulala, ili likauke na wao wapate joto. Tafadhali, tusifanye hivyo kamwe. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu usingizini. Jiko likipasuka hununuliwa jingine.

Ufa mdogo ukionekana, fundi aitwe mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Mara nyingi udongo wa ndani peke yake waweza kubadilishwa, na bati likaendelea kutumika.

Mama wa Mapinga sasa analo jiko jipya. Tulipomuaga lilikuwa juu ya matofali, limefunikwa karai, na mvua yanyesha. Siku ile alichelewa kuwasha moto, na wateja wakamngoja.