Shahidi Mmoja Hatoshi: Alama za Mtihani na Mlango wa Chuo

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, mitaa yetu ya pwani hugawanyika mara mbili. Zipo nyumba ambazo vigelegele hupigwa hata jirani wa mtaa wa pili akajua, na zipo nyumba ambazo mlango hurudishwa mchana kweupe, na anayeuliza habari za kijana huambiwa amelala. Baina ya nyumba hizo mbili, mara nyingi tofauti ni pointi moja. Hilo ndilo nitakalo tulizungumze leo: je, ni haki alama za mtihani peke yake ziwe ndizo zenye kuamua nani aingie chuo kikuu na nani abaki nje?

Jambo hili limekuwa likinikaa moyoni tangu nilipokwenda Njoro, kule Nakuru, kumsindikiza mpwa wangu aliyepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Egerton. Kwa mtu wa pwani kama mimi, Njoro ni baridi ya kuvalia koti juu ya kanzu hata jua likiwa utosini, na pande zote mtu huona mashamba ya ngano. Lakini mahali pale pana historia ambayo yamfaa kuijua kila mwenye kujadili haki ya kuingia chuoni.

LANGO LA RANGI

Mwaka 1939 mlowezi wa Kiingereza, Lord Maurice Egerton wa Tatton, alitoa ekari 740 za ardhi na kuanzisha pale shule ya ukulima. Shabaha yake ilikuwa kuwatayarisha vijana wa Kizungu kwa kazi ya kilimo. Mtoto wa Kiafrika, hata angekuwa na akili ya kupasua jiwe, hakuulizwa alama zake. Ngozi yake ilikuwa imekwisha kumjibia. Mwaka 1950 shule ile ilipandishwa daraja ikawa chuo chenye kutoa vyeti na stashahada, na mwaka 1958 bwana huyo akaongeza ekari 1,100. Baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1987 mahali pale pakawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya Bunge.

Nasi tusijifanye kwamba malango ya namna hiyo yalikuwa bara tu. Hapa Mombasa ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la MIOME, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Ilikuwa neema kubwa kwetu, lakini ilikuwa neema yenye lango lake. Mwaka 1966 ikageuka kuwa taasisi ya ufundi, mwaka 1972 ikaitwa Politekniki, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambako mtoto wa dini yoyote huingia.

Nimeyataja haya ili tusiitukane alama kabla ya kuishukuru. Kilichokuja kukaa mahali pa rangi na kabila kilikuwa cheti. Karatasi ya mtihani haijui jina la babako. Msahihishaji hupima majibu tu. Hajui kama mwenye karatasi hiyo ni mtoto wa waziri au wa mvuvi wa Vanga. Wengi wetu ambao ndugu zetu leo ni madaktari na mahakimu, mlango uliowapitisha ni huo, wala hapakuwa na mwingine. Kwa hiyo anayesema alama zitupwe baharini, na atuambie kwanza ataweka nini mahali pake.

FUNZO LA MUSOMA

Jirani zetu wa Tanzania walijaribu kujibu swali hilo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikapitisha azimio lililojulikana kwa jina la mji huo. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda moja kwa moja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sharti kwanza alitumikie taifa katika Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, halafu aje na sifa njema kutoka kazini kwake na kutoka tawi la chama. Nia ilikuwa njema kabisa: chuo kipate watu waliokomaa, wenye kuijua jamii, si watoto waliokariri vitabu.

Lakini mlango huo nao ulikuwa na bawaba zake. Idadi ya wasichana chuoni ilishuka, kwa kuwa miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ya kuolewa na kulea, na haikupita miaka mingi ikabidi wasichana wafunguliwe tena njia ya moja kwa moja. Tena lipo jambo ambalo kila mtu mzima alijua: barua ya sifa huandikwa na mtu, na mtu ana shemeji, ana mkwe, ana anayemdai. Pale alama inapoondoka, anayekuja kukaa kitini si lazima awe haki. Huenda akawa ni kujuana.

POINTI MOJA

Basi ikiwa alama ina fadhila hiyo, lawama yake iko wapi? Nitaeleza kwa habari ya mpwa wangu.

Katika mtihani wa KCSE, daraja ya A ni pointi 12 na E ni pointi 1. Masomo saba hujumlishwa, na mwenye kukamilika kabisa hupata pointi 84. Anayefika pointi 46 ana C+, na huyo ndiye anayehesabiwa kuwa amestahili shahada. Mpwa wangu alipata 45. Alisoma shule moja ya kutwa, mbali na mji, ambako walimu watatu wa kemia walikuja wakaondoka katika miaka minne, na baadhi ya vyombo vya maabara alivishika kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wenyewe. Akaenda kusoma stashahada ya kilimo miaka mitatu, akafaulu vizuri sana, akaomba upya, akapokewa Njoro. Kwa kuwa hakupangiwa na bodi ya serikali, karo yake ni mzigo wa ukoo.

Tulipokuwa tumesimama tukingoja ufunguo wa chumba chake aliniambia, "Mjomba, pointi moja imenila miaka mitatu." Hakulalamika, alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu. Nami nikamjibu, "Ila hiyo miaka mitatu hukuipoteza, mwanangu, umeisoma." Lakini moyoni nilijua kwamba wako wengi wenye 45 zao ambao hawana ukoo wa kuchanga, nao sasa wanasukuma mikokoteni.

Na yeye ni wa heri. Novemba 2014 wasafiri 28 waliuawa katika basi lililokuwa likitoka Mandera, wengi wao wakiwa walimu, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji wakaondoka Kaskazini Mashariki. Huku kwetu Lamu, shule za msingi katika msitu wa Boni zilifungwa kwa miaka kadhaa kwa ajili ya mashambulizi yaliyoanza mwaka huo huo. Watoto wa huko, wakijaliwa kufika kidato cha nne, hukalia karatasi ile ile, saa ile ile, na mwenzao wa shule kubwa ya Nairobi yenye maabara tatu na maktaba. Maswali ni mamoja, bali safari si moja.

NGANO YA NJORO

Njoro hiyo hiyo ina kituo mashuhuri cha utafiti wa ngano. Kwa miaka mingi sasa, mbegu za ngano kutoka nchi nyingi za ulimwengu huletwa pale kujaribiwa dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa ambao aina yake moja kali ilitambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Watafiti wa mbegu wana sharti moja ambalo hawalivunji. Mbegu zinazoshindanishwa hupandwa shamba moja, udongo mmoja, mvua moja, tena hurudiwa vipande kadhaa vya shamba. Mtafiti atakayepanda mbegu moja penye mbolea na nyingine juu ya mwamba, kisha akapima magunia na kutangaza mshindi, wenziwe watamcheka.

Sisi kwa watoto wetu hufanya hivyo kila mwaka, kisha tukaita kufaulu. Alama ni kipimo cha mavuno. Haikupimi udongo.

Tena hata kipimo chenyewe hakikai mahali pamoja. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A nchini Kenya. Mwaka 2016, baada ya wizi wa mitihani kubanwa, waliopata A walikuwa 141. Watoto hawakupungua akili kwa mwaka mmoja. Mwaka 2023 hesabu ya daraja ikabadilishwa: lazima ikawa Hisabati na lugha moja, kisha masomo matano ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Na Tanzania, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa walianguka, yalifutwa na serikali mwaka 2013 yakapangwa upya. Mizani inayoweza kubadilishwa hivyo ni mizani ya binadamu. Yafaa itumike, lakini si ya kuapiwa.

CHUO NA CHUO

Lugha yetu ina jambo zuri hapa. Sisi watu wa pwani tukisema "chuo", kwanza humaanisha pale tulipofundishwa Kurani. Katika chuo hicho hakuna aliyezuiwa mlangoni kwa kukosa alama. Kila mmoja alikuwa na juzuu yake. Huyu yu katika alif na be, yule akaribia kukhitimu, nao wamekalia mkeka mmoja. Mwalimu alikusikiliza kwa sikio lake, akajua kama umekosea kwa uvivu au kwa njaa. Na mwanachuoni alipompa mwanafunzi ijaza ya kusomesha, alikuwa anaweka jina lake mwenyewe rehani.

Sisemi chuo kikuu kiendeshwe kama madrasa ya mtaani. Vitanda vya Njoro vina idadi, na wanaovitaka ni wengi kuliko vitanda. Ninalolisema ni kwamba sheria yetu, katika kuandikiana deni tu, yataka mashahidi wawili. Kwa umri mzima wa kijana twatosheka na mmoja?

Shahidi wa pili anapatikana bila ya kurudi katika barua za shemeji. Makerere, tangu mwaka 1990, iliwaongezea wasichana pointi 1.5, na mlango ule ukapitisha maelfu; jambo likawa wazi, kwa hesabu, si kwa siri. Vivyo hivyo bodi yetu ya kupanga wanafunzi yaweza kutazama shule ya mtoto kwa hesabu iliyo wazi. Aliyepata 45 mahali ambapo wenziwe wote wamepata 25, huyo amepanda juu ya mwamba akavuna. Mpimeni na wa shamba lake kwanza, ndipo mumpime na wa mashamba mengine.

Mabadiliko yako njiani. Mwishoni mwa 2025 watoto wa daraja la tisa walifanya mtihani wao wa kwanza chini ya mtaala mpya, na alama zao hazikutoka katika mtihani ule peke yake: asilimia 60 ilitokana nao, 20 ikatoka katika tathmini ya darasa la sita, na 20 katika kazi walizopimwa shuleni na walimu wao. Hapo mwalimu amerudishwa kuwa shahidi, nami nafurahi. Lakini shahidi lazima awe mwadilifu, na lazima awepo. Shule isiyo na mwalimu wa kemia itapata wapi ushahidi wa kemia? Na mwalimu anayewaongezea watoto alama ili shule yake ing'are, amewadhulumu watoto wa shule ya jirani.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, tusingoje siku ya matokeo ndipo tulie. Twende kwenye mikutano ya shule tuulize mapema: mwalimu wa hisabati yuko? Maabara inafunguliwa? Tuwaulize wabunge wetu kama bodi ya kupanga wanafunzi inaijua hali ya shule za Tana na Boni, au yaona namba tu. Na yule kijana ambaye mlango wa kwao umerudishwa mchana, tumbishie hodi, tukae naye, tumwonyeshe njia ya stashahada na karo tumchangie. Pointi 45 ni habari ya mtihani mmoja. Habari yake yeye bado hatujaisikiliza.