Kozi ya Kwanza ya Uandishi Chuoni

Vyuo vingi vya Marekani humtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asome kozi ya uandishi, hata kama amekuja kusomea uhandisi. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza utaratibu huo mwaka 1885.

Mwanafunzi hupangwa ama katika kozi ya kawaida ama ya maandalizi. Ya kawaida hufundisha kujenga hoja na kutumia vyanzo. Ya maandalizi hurudia misingi, lakini mara nyingi haihesabiwi katika shahada, ingawa ada yake hulipwa. Hapo ndipo wengi huumia, maana mtihani mfupi wa kompyuta wa kuwapanga wanafunzi umewasukuma huko hata watu wenye uwezo wa kutosha. Ndiyo sababu California ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuvitaka vyuo vya jamii vitazame alama za sekondari vinapowapanga wanafunzi. Chuo Kikuu cha Grand Valley State, Michigan, kiliwaachia wanafunzi wachague kozi wenyewe baada ya kuelezwa kila kozi inadai nini.

Kwa anayesitasita, kozi ya kawaida yenye saa za ziada za msaada ndiyo bora. Aliyesoma kwa Kiswahili au Kifaransa anaweza kufaidika na darasa la wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili, ila aulize kabla ya kujisajili kama linahesabiwa katika shahada.