Kuvuliwa Uraia kwa Kuficha Maovu ya Vita (Sehemu ya Tatu): Mlinzi wa Treblinka mbele ya Jaji Marshall

Mtu aliyepata uraia wa tajnisi huku akificha kwamba aliwahi kutesa au kuua raia vitani anaweza kuvuliwa uraia huo hata ikiwa imepita miaka 30 au 40. Nchini Marekani, ambako sheria hii imefanyiwa kazi kwa muda mrefu, mara nyingi kinachomfikisha mtu mahakamani si mauaji yenyewe. Mauaji yalitendeka nchi nyingine, waliouawa hawakuwa Wamarekani, na aliyeua wakati huo hakuwa na uhusiano wowote na Marekani. Anaulizwa juu ya jibu aliloandika kwenye fomu. Tofauti kati ya kesi ya madai, isiyo na ukomo wa muda, na kesi ya jinai, ambayo sharti ifunguliwe ndani ya miaka 10, ilikwisha kuelezwa katika sehemu zilizotangulia. Suala lenyewe limerudi magazetini tangu tarehe 11 Juni 2025, Wizara ya Sheria ya Marekani ilipotoa waraka wa kuwataka mawakili wake wazipe kipaumbele kesi za kuwavua watu uraia. Waraka huo hauwezi kupimwa vizuri bila kuifahamu kesi iliyoweka msingi, nayo ni ya Feodor Fedorenko.

Fedorenko alizaliwa Ukraine mwaka 1907. Juni 1941 aliingizwa katika jeshi la Kisovieti, na haikuchukua muda akatekwa na Wajerumani. Kutoka kambi za mateka alichukuliwa kwenda Trawniki, Poland, mahali ambapo Wajerumani waliwafunza mateka wa aina yake kazi ya ulinzi, na Septemba 1942 akapangiwa Treblinka. Treblinka haikuwa gereza wala kambi ya kazi kwa maana ya kawaida. Treni zilileta watu asubuhi, na kufikia jioni wengi wao walikuwa wamekufa kwa gesi. Makadirio ya wanahistoria ni kati ya watu 700,000 na 900,000, karibu wote Wayahudi, katika muda wa mwaka mmoja na kidogo. Vita vilipokaribia kwisha, Fedorenko alikuwa Hamburg. Alivua sare yake kabla Waingereza hawajaingia mjini, akajichanganya na raia, kisha akawafanyia kazi Waingereza haohao kwa miaka minne.

Mwaka 1949 aliomba viza ya Marekani chini ya sheria ya 1948 iliyowahusu watu walioyahama makwao kwa sababu ya vita. Maelezo aliyotoa yalikuwa mepesi mno. Alisema alizaliwa Sarny, Poland, akalima huko tangu 1937 hadi 1942, kisha Wajerumani wakamchukua kwa nguvu kufanya kazi kiwandani Pölitz mpaka vita vikaisha. Treblinka haikutajwa. Viza ilitoka, akaenda Connecticut, akafanya kazi kiwandani kwa miaka mingi bila kugombana na mtu, na mwaka 1970 akala kiapo cha uraia. Serikali ilipomfungulia kesi mwaka 1977 alikuwa mzee aliyestaafu, anaishi Florida.

Mahakama ya kwanza ilimwonea huruma. Manusura sita wa Treblinka walitoa ushahidi kwamba walimwona akipiga na kuua, lakini jaji hakuridhika na jinsi walivyomtambua. Fedorenko mwenyewe alikiri kwamba alikuwa mlinzi mwenye silaha, akadai alilazimishwa. Jaji akaona kwamba mateka aliyelazimishwa, ambaye baadaye ameishi kwa adabu karibu miaka 30, anastahili kubaki na uraia wake. Mahakama ya Rufaa ilikataa, na tarehe 21 Januari 1981 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi kwa kura saba dhidi ya mbili. Hukumu iliandikwa na Thurgood Marshall.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana sababu ya kumwona Marshall kuwa mgeni. Kabla ya kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuketi katika Mahakama ya Juu mwaka 1967, na baada ya kushinda mwaka 1954 kesi iliyoharamisha ubaguzi katika shule za Marekani, alialikwa na Tom Mboya kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba uliofanyika Lancaster House, London, mwaka 1960. Huko aliandaa rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya nchi ambayo ilikuwa bado koloni. Jambo linalosahauliwa ni kwamba rasimu ile iliwalinda waliokuwa wachache, Wahindi na Wazungu, pamoja na mali zao. Mwanasheria aliyetumia ujana wake kuwatetea weusi dhidi ya wengi wenye chuki aliona kwamba wengi wapya nao wangeweza kuwa na chuki yao. Wapo waliomlaumu kwa hilo, nao hawakuwa wamefikiri vya kutosha. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuamua, miaka 21 baadaye, lini raia wa karatasi anaweza kunyang'anywa karatasi yake, na haielekei kwamba alilichukua jambo hilo kwa wepesi.

Hoja ya Marshall ilisimama juu ya maneno ya sheria yenyewe. Sheria ya 1948 iliwanyima viza wote waliowasaidia maadui kuwatesa raia, na haikusema kama msaada huo ni lazima uwe wa hiari. Kifungu kilichofuata kiliwataja waliosaidia majeshi ya adui kwa hiari, kwa hiyo Bunge lilijua kuandika neno hiari pale lilipolitaka. Basi mlinzi wa kambi hakuwa na haki ya viza hata kama alisukumwa kwa bunduki. Bila viza halali hakukuwa na ukaazi halali, na bila ukaazi halali uraia ulipatikana kinyume cha sheria. Wema wa miaka 30 ya baadaye haukubadili kitu, kwa sababu mahakama haina ruhusa ya kumsamehe mtu sharti lililowekwa na Bunge.

Jaji John Paul Stevens, mmoja wa wawili waliopinga, aliona hatari. Kama hiari si kitu, alisema, hata mfungwa wa Kiyahudi aliyelazimishwa kufanya kazi ndani ya kambi atahesabiwa kuwa mtesaji. Marshall alijibu katika tanbihi, na tanbihi hiyo imesomwa na mawakili kuliko kurasa nyingi za hukumu yenyewe. Mtu aliyekuwa akiwanyoa nywele wanawake kabla hawajauawa, alieleza, hawezi kusemwa kwamba alisaidia kuwatesa. Lakini mtu aliyepewa sare, akabeba bunduki na bastola, akalipwa posho, akaruhusiwa kutoka kambini kwenda kijiji cha jirani na kurudi, na ambaye amekiri kuwafyatulia risasi wafungwa waliokuwa wakitoroka, huyo hana pa kujificha. Ruhusa ya kwenda kijijini ndiyo inayouma zaidi katika orodha hiyo, kwa sababu kila alipokuwa kijijini, Fedorenko alirudi.

Desemba 1984 alipelekwa Umoja wa Kisovieti. Alihukumiwa kifo huko Crimea mwaka 1986, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba ameuawa.

Wasiwasi wa jaji wa kwanza kuhusu mashahidi haukuwa wa bure. John Demjanjuk, fundi wa kiwanda cha magari jijini Cleveland, alivuliwa uraia mwaka 1981 baada ya manusura wa Treblinka kumtaja kuwa mlinzi katili aliyeitwa kambini Ivan wa Kutisha. Israel ilimhukumu kifo mwaka 1988. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya nchi hiyohiyo ilimwachia, kwa kuwa nyaraka za Kisovieti zilielekea kuonyesha kwamba Ivan yule alikuwa mtu mwingine. Mwaka 1998 alirudishiwa uraia wake. Lakini kitambulisho chake cha Trawniki, kipande cha karatasi chenye picha, kilimtaja katika kambi nyingine ya maangamizi, Sobibor. Kwa nguvu ya karatasi hizo, zaidi ya kumbukumbu za watu, alivuliwa uraia mara ya pili mwaka 2002, akapelekwa Ujerumani mwaka 2009, na mwaka 2011 akatiwa hatiani kwa kusaidia mauaji ya zaidi ya watu 28,000. Alifariki mwaka uliofuata rufaa yake ikiwa haijasikilizwa. Manusura hawakusema uongo. Macho ya mtu aliyekuwa akisubiri kufa, yakiulizwa baada ya miaka 35, hayawezi kubebeshwa kesi nzima peke yake, na serikali isiyotunza nyaraka zake itajikuta haina kingine cha kusimamia.

Afrika iliingia katika historia hii kwa njia ya hoteli. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanamke wa Kiethiopia aliyefanya kazi katika hoteli moja jijini Atlanta alimwona mbeba mizigo wa hoteli hiyohiyo akamtambua. Alikuwa Kelbessa Negewo, aliyesimamia mateso yake mjini Addis Ababa enzi za utawala wa kijeshi wa Derg. Wanawake watatu walimshitaki kwa madai na mwaka 1993 wakashinda, kila mmoja akapewa fidia ya dola 500,000. Ajabu ni kwamba mwaka 1995, hukumu ikiwa tayari mezani, idara ya uhamiaji ilimpa Negewo uraia. Ofisi moja haikusoma faili la ofisi nyingine. Uraia huo ulifutwa mwaka 2004, na mwaka 2006 alirudishwa Ethiopia, ambako alikwisha kuhukumiwa kifungo cha maisha akiwa hayupo. Katika mwaka huohuo wa 2004 Bunge la Marekani lilipanua sheria, ili kitengo kilichokuwa kikiwasaka Wanazi tangu 1979 kishughulike pia na mauaji ya kimbari, utesaji na mauaji ya kiserikali popote yalipotendeka.

Kesi ya Beatrice Munyenyezi inafika karibu zaidi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, aliishi Butare, Rwanda, katika hoteli ya familia ya mumewe, na mbele ya hoteli hiyo palikuwa na kizuizi cha barabarani ambapo Watutsi walitengwa na wengine kwa vitambulisho. Mumewe, Arsène Shalom Ntahobali, na mama mkwe wake, Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake, walihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda mjini Arusha tarehe 24 Juni 2011. Munyenyezi alikimbilia Nairobi, akaingia Marekani kama mkimbizi mwaka 1998, akapata uraia mwaka 2003. Baadaye alitoa ushahidi wa kumtetea mumewe mbele ya mahakama ya Arusha. Maelezo hayo, yaliyorekodiwa neno kwa neno, yakawavutia wapelelezi wa Marekani. Kesi yake ya kwanza huko New Hampshire, mwaka 2012, ilivunjika kwa sababu jopo la wananchi halikukubaliana. Ya pili, Februari 2013, ilimtia hatiani kwa kusema uongo ili apate uraia, na uraia ukaondoka palepale. Alihukumiwa kifungo cha miaka 10, akarudishwa Rwanda Aprili 2021, na Aprili 2024 mahakama ya Huye ikamhukumu kifungo cha maisha.

Kumbukumbu za mahakama ya Arusha zimehifadhiwa hadi leo Lakilaki, nje kidogo ya mji, katika jengo lililofunguliwa Novemba 2016. Sehemu kubwa ya maneno ya mashahidi iko wazi kwa umma. Waandishi na wanafunzi wa sheria wa Tanzania hupita karibu na hazina hiyo kwa basi bila hata kugeuza shingo, na ni aibu, kwa kuwa maofisa kutoka nchi za mbali huvuka bahari kuja kuisoma.

Uongo wenyewe una kipimo. Katika kesi ya Divna Maslenjak, Mserbia kutoka Bosnia aliyeficha kwamba mumewe alitumikia kikosi kilichoshiriki mauaji ya Srebrenica, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2017, bila jaji hata mmoja kupinga matokeo, kwamba katika kesi ya jinai si kila uongo unatosha. Lazima uwe umechangia mtu kupata uraia. Aliyepunguza umri kwa aibu hawekwi kapu moja na aliyeficha kambi. Kwa ajili hiyo, fomu ya Marekani ya kuomba uraia imekuwa ikiuliza maswali ya moja kwa moja: kama mwombaji aliwahi kushiriki mauaji ya kimbari, kumtesa mtu, au kuwa mlinzi wa gereza au kambi ya kazi. Kwa miaka mingi iliuliza hata kama alifanya kazi na serikali ya Wanazi kati ya tarehe 23 Machi 1933 na 8 Mei 1945.

Kuvuliwa uraia si sawa na kuondoka nchini. Jakiw Palij, mlinzi mwingine wa Trawniki aliyeishi Queens, New York, alivuliwa uraia mwaka 2003 na mwaka uliofuata akaamriwa kuondoka. Hakuna nchi iliyomtaka. Alibaki nyumbani kwake kwa miaka 14, wanafunzi wakiandamana mlangoni, mpaka Ujerumani ilipokubali kumpokea Agosti 2018. Alifia huko Januari 2019, akiwa na miaka 95.

Waraka wa Juni 2025 unawataja watesaji na wahalifu wa vita, lakini umewaweka katika orodha ya makundi 10, pamoja na wanachama wa magenge na matapeli wa fedha za serikali, na kundi la mwisho ni kesi nyingine yoyote ambayo wizara itaona ina uzito. Mlango wa namna hiyo umewahi kufunguliwa. Mwaka 1909 serikali ilimfutia uraia Jacob Kershner, mtu ambaye hakuna aliyemjali, ili mtalaka wake, mwanaharakati Emma Goldman, apoteze uraia alioupata kwa ndoa. Miaka 10 baadaye Goldman akapakiwa melini. Afrika Mashariki nayo ina vifungu vyake. Ibara ya 17 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu kufutwa kwa uraia wa kuandikishwa uliopatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la msingi. Nchini Tanzania, Sheria ya Uraia ya 1995 inampa waziri mamlaka kama hayo juu ya raia wa tajnisi. Marekani waziri hana mamlaka hayo: lazima aende mahakamani, na katika kesi ya madai lazima alete ushahidi ulio wazi, usio na utata na wenye kushawishi, kipimo kilichowekwa mwaka 1943.