Makosa Katika Cheti cha Askari na Njia ya Kuyasahihisha

Askari aachapo jeshi hupewa cheti. Cheti hicho huonyesha jina lake, nambari yake ya jeshi, siku aliyoandikwa na siku aliyoachiwa. Wengi hukikunja wakakiweka sandukuni pamoja na medali, wasikitazame tena. Hapo ndipo taabu huanza, kwa maana kosa dogo la kalamu haliumi mpaka siku karatasi inapohitajiwa.

Mfano wake ni kama huu. Mzee wa Galbet, mjini Garissa, aliandikwa jeshini kwa jina la Abdi Hassan. Kitambulisho chake chasema Abdi Hassan Noor. Hati yake ya ndoa yasema Abdi Dheere. Maadamu yu hai, hakuna amshukuye, kwani majirani wote wamjua. Lakini akifariki, na mjane wake akaenda kudai haki yake, karani wa Nairobi ataona mbele yake majina matatu, naye hana njia ya kujua kwamba hao watatu ni mtu mmoja.

Makosa ya namna hii yana asili yake. Msomali hana jina la ukoo kama la Wazungu. Hutaja jina lake, kisha la babaye, kisha la babuye. Karani akitaka majina mawili tu, la babu huachwa. Tena Wasomali hupeana majina ya utani, na mara nyingi hayo ndiyo yajulikanayo zaidi: Dheere ni mrefu, Gaab ni mfupi, Yare ni mdogo. Tatu, maandishi rasmi ya Kisomali kwa herufi za Kilatini yalianza mwaka 1972 huko Somalia, na kwa maandishi hayo Hassan huandikwa Xasan, na Abdi huandikwa Cabdi. Kabla ya hapo kila karani aliandika kama alivyosikia. Na kuhusu umri, watu waliohesabu miaka kwa mvua na kwa ukame mara nyingi wameandikiwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa tarehe nyingine haikupatikana.

Hasara ya kumbukumbu mbovu si jambo geni katika nchi hii. Katika vita vya 1914 hadi 1918, watu wengi sana wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Jina la mtaa wa Kariokor huko Nairobi limetokana na kikosi chao. Wengi walikufa, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao, kwa sababu majina na vijiji vyao havikuandikwa vizuri. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Siku hizi sheria humsaidia mwenye kosa katika kumbukumbu zake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 35, humpa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari zisizo za kweli zinazomdhuru. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 huongeza kwamba ofisi ya umma ikiombwa, yapasa isahihishe habari hizo kwa gharama yake yenyewe.

Basi afanyeje mwenye cheti chenye kosa? Kwanza, azikusanye karatasi zake zote, yaani cheti, kitambulisho, hati ya ndoa na kitabu cha benki, azitandike mezani na kuzilinganisha herufi kwa herufi. Kama hajui kusoma, mtoto aliye shuleni aweza kumsaidia.

Pili, aende mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, aape kwa maandishi kwamba majina hayo yote ni yake. Kuapa uongo ni kosa la jinai.

Tatu, aandike barua kwa Wizara ya Ulinzi. Nambari ya jeshi iwe mstari wa kwanza, kwa maana kina Abdi Hassan ni wengi, lakini nambari ni ya mtu mmoja. Kisha aeleze wazi kwamba anaomba kusahihishiwa habari zake. Ataje neno lililokosewa, sababu ya kuwa si sahihi, na neno linalofaa kuwekwa mahali pake. Apeleke nakala tu, karatasi za asili abaki nazo, na nakala ya barua yake aiweke. Asipojibiwa, aweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kusahihisha umri au siku za utumishi ni kazi ngumu kuliko kusahihisha jina, kwa kuwa kiapo peke yake huenda kisitoshe. Hapo karatasi ya zamani, iliyoandikwa kabla ya shauri kuzuka, ina nguvu kuliko karatasi kumi mpya. Ushahidi wa askari wenzake nao wafaa, maadamu wangali hai.

Onyo moja lisisahauliwe. Mtu asikwangue cheti wala kukiandika juu kwa kalamu yake, hata kama anayoyaandika ni kweli. Cheti kilichochezewa huharibu dai la haki, na huweza kumfikisha mwenyewe kortini.

Kazi hii ni ya askari mwenyewe, na wakati wake ni sasa. Yeye aweza kusimama mbele ya karani akasema, "Huyu ndiye mimi." Mjane wake hawezi kusema hivyo kwa niaba yake, ataulizwa karatasi. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.